Wiki mbili zilizopita alikuwa anafanya nini?

Mzee akizidiwa nyumbani hapa Bukavu, swali la kwanza kutoka kwa kila anayefika mlangoni ni la umri. "Ana miaka mingapi?" Wakijibu themanini na miwili, watu wanatazamana, na kwa wengi uamuzi umekwisha hapo: aachwe apumzike, aitwe mchungaji, asubuhi tutaona. Lakini umri peke yake hausemi kitu. Kuna mama wa miaka 84 anayetoka soko la Kadutu hadi Cimpunda kwa miguu, mzigo kichwani. Kuna baba wa miaka 66 ambaye tangu mwaka jana hashuki kitandani bila kushikwa. Homa ileile ya mapafu ikiwapata wote wawili usiku mmoja, hatuwezi kuwaamulia jambo moja.

Swali linalofaa ni hili: wiki mbili zilizopita alikuwa anafanya nini?

Kipimo cha udhaifu wa wazee kinachotumika sana hospitalini, kilichotoka mwaka 2005 kwa timu ya Kenneth Rockwood wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, kinasimama juu ya swali hilo. Leo kina ngazi 9, kuanzia mwenye nguvu zake zote mpaka aliye karibu na kufa, na kinataka hali ya kama wiki mbili kabla ya ugonjwa, si hali unayoiona sasa. Sababu yake ni nyepesi: mtu yeyote mwenye malaria kali anaonekana hoi. Ukimpima mzee kwa jinsi alivyolala mbele yako leo, utamhesabia udhaifu ambao hakuwa nao, na utamnyima matibabu ambayo yangemrudisha sokoni.

Kwa hiyo uliza mambo ya kila siku. Alikuwa anaamka mwenyewe? Anaenda msalani bila kushikwa? Anavaa, anaoga, anahesabu pesa zake? Alikuwa anatoka mpaka barabarani? Anakula sahani nzima au anaonja tu? Na muulize anayeishi naye. Mtoto wa kiume aliyekuja mbio na gari kutoka Nguba ndiye anayesema kwa sauti kubwa, lakini mara nyingi anayejua ni mjukuu wa kike wa miaka kumi na miwili anayelala chumba kimoja na bibi yake. Yeye ndiye atakayekwambia kwamba tangu Jumanne bibi ameacha kumaliza chai.

Linalofuata ni kutenganisha cha zamani na kipya. Mzee aliyekuwa akisahau majina kwa miaka mitatu huenda ana ugonjwa wa kusahau. Mzee ambaye juzi alikuwa akisimulia vizuri na leo anaongea na watu wasiokuwapo, au amelala mchana kutwa na kukesha usiku akivua nguo, ana dharura. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ndiyo lugha ambayo mwili wa mzee hutumia kusema mambo mengi: maambukizi, sukari iliyoshuka, kukosa maji, mkojo uliozibana, choo kilichokauka siku nyingi, mfupa uliovunjika, moyo, au dawa mpya aliyopewa juzi. Wengine hawana hata homa. Mwili wa mzee unaweza kubeba maambukizi makubwa bila kupanda joto, na kipimajoto kinachosema 36,8 kisikutulize.

Hapa Kivu Kusini kuna hatari ya pili, na ni afadhali isemwe wazi. Wanawake wazee wameshambuliwa katika jimbo hili kwa tuhuma za uchawi, na mama anayepiga kelele usiku na kutaja majina ya marehemu anafaa kabisa katika hadithi hiyo. Ukiwa muuguzi au mjumbe wa afya, tamka neno ugonjwa mbele ya watu wote, mapema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Mama ni mgonjwa. Hii ni homa imepanda kwenye kichwa, tunampeleka apimwe." Si maelezo ya kitabuni, lakini yanaweza kumlinda. Chumba cha sala kinaweza kusubiri, sukari iliyoshuka haiwezi.

Kupima kama akili imetawanyika si kazi ngumu, ila maswali ya vitabu vya Ulaya hayatufai yote. Tarehe ya kuzaliwa? Wazee wengi wameandikiwa kwenye karatasi "karibu 1945" na hawakuwahi kujua mwezi. Miezi ya mwaka kinyumenyume? Kwa asiyesoma shule, unapima shule, hupimi ubongo. Mwambie ataje siku za juma akirudi nyuma kutoka Jumapili, au majina ya watoto wake kuanzia kitinda mimba. Na uliza kwa lugha yake. Mzee anayebabaika kwa Kiswahili anaweza kuwa amenyooka kabisa kwa Mashi, Kihavu au Kirega. Kabla hujasema amechanganyikiwa, hakikisha anakusikia: kaa mbele yake, uso wako kwenye mwanga, sauti nzito na ya taratibu badala ya kelele nyembamba. Kama una stetoskopu, mwekee yeye masikioni, kisha wewe sema kwenye kile kichwa cha kusikilizia. Kuna "wasioelewa" wanaoanza kujibu papo hapo.

Namba zinazodanganya

Tansion, yaani shinikizo la damu. Kwetu watu wanasema "iko 11" na kufurahi kwamba haikupanda. Kwa mtu aliyezidi miaka 65 aliyeanguka, anayetokwa damu au mwenye maambukizi, 11 ya juu, yaani 110, inaweza kuwa mwanzo wa mshtuko wa mwili, yaani damu kutofika viungoni vya kutosha, hasa kama kawaida yake ni 16. Ndiyo maana daftari lake la zamani lina thamani kuliko mashine yako. Mapigo ya moyo nayo yanaficha: anayekunywa dawa za moyo kama atenololi au propranololi huenda asipige mbio hata akiwa anapoteza damu. Halafu kuna mashine yenyewe. Mkanda mpana kwenye mkono mwembamba husoma chini ya ukweli, mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu, na mkanda uliofungwa juu ya sweta hausomi kitu cha kuaminiwa.

Kupumua hakudanganyi kirahisi. Hesabu dakika nzima, bila kumwambia, huku umeshika mkono kama unayepima mapigo. Kuanzia 25 kwa dakika ni hatari bila kujali anavyoonekana. Kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kisomwe kwa akili ya mahali: ziwa letu la Kivu liko karibu mita 1.460 juu ya bahari na mitaa ya milimani iko juu zaidi, hivyo mzee mzima anaweza kusoma 93 au 94 na asiwe na tatizo. Lakini 88 kwa mtu anayehema si "mwinuko". Pasha vidole joto kwanza, futa rangi ya kucha, subiri namba itulie. Mama aliyepika kwa kuni na makaa miaka hamsini anaweza kuwa na mapafu yaliyochoka zamani. Kwake, oksijeni ikipatikana, lengo ni 88 hadi 92. Kumfungulia mtungi mpaka 100 kunaweza kumlaza usingizi usio mzuri.

Moyo wa mzee pia hauumi kama wa kijana. Mwenye sukari, hasa mama, anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu yoyote ya kifua: jasho baridi, kutapika, uchovu wa ghafla, pumzi fupi. Na aliyegonga kichwa anaweza kukaa vizuri wiki mbili kabla damu iliyovuja polepole haijaanza kumlaza, zaidi kama anakunywa aspirini au dawa ya kuyeyusha damu. Kwa hiyo "alianguka zamani" ni habari ya leo.

Sukari

Huu ndio mtego unaostahili kukaa nao. Mzee amelegea upande mmoja, mdomo umepinda, maneno hayatoki, na kila mtu anasema AVC, yaani kiharusi. Kabla ya chochote, toboa kidole. Sukari iliyoshuka inaiga kiharusi vizuri mno, na yenyewe inaweza kuondoka kwa dakika kumi na tano. Osha kidole kwanza: jamaa huwa wamekwisha kumlisha chai ya sukari kwa mkono, na kidole chenye sukari kitakupa 180 wakati damu ina 45.

Chini ya 70 mg/dl, na anameza vizuri: vijiko vidogo vinne vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye nusu kikombe cha maji. Hiyo ni kama gramu 16. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado. Akiisha kuwa macho, ale kitu cha kushiba, fufu au mkate. Kama hamezi au amelala fofofo, usimimine kitu kinywani. Mlaze ubavu na kimbilia kituo cha afya, ambapo watampa glukozi ya mshipa.

Baada ya hapo linakuja kosa linaloua: "Ameamka, arudi kulala." Uliza anakunywa dawa gani. Kama ni glibenklamidi, dawa ya ugonjwa wa sukari inayouzwa karibu kila duka la dawa, ijulikane kwamba inakaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee mwenye figo dhaifu sukari itashuka tena saa chache baadaye, usiku, watu wakiwa wamelala. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai kwa waliozidi miaka 60. Mgonjwa huyu aende hospitali hata kama anacheka, na apimwe sukari mfululizo mpaka kesho.

Kama sukari ni nzuri na dalili za AVC zipo, kitu cha thamani ni saa. Si saa aliyokutwa, bali saa ya mwisho alipoonekana mzima. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina dirisha la saa 4 na nusu, na inahitaji kwanza picha ya skana. Pale ambapo haipatikani, saa hiyo bado inamsaidia daktari. Usimpe aspirini, kwa sababu bila picha hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Na ile tabia ya kutoboa kidonge cha nifedipini chini ya ulimi kwa sababu tansion ni 19, iachwe. Katika kiharusi, ubongo unaokosa damu unategemea shinikizo hilo. Kuliangusha ghafla ni kumalizia kazi ambayo ugonjwa umeanza.

Kushuka mlima

Anayepanga matibabu ya mzee Bukavu bila kupanga njia hajapanga kitu. Nyumba nyingi za Nyamugo, Funu au Cimpunda hazifikiwi na gari. Kuna kijia, ngazi za udongo, mvua ikinyesha ni utelezi. Safari yenyewe ni matibabu au ni jeraha la pili.

Mzee aliyeanguka, hawezi kusimama, mguu umekuwa mfupi na nyayo zimegeukia nje: nyonga imevunjika. Usimnyooshe kwa nguvu. Weka mto katikati ya miguu, funga pamoja kwa vikwembe vipana, juu na chini ya goti, kamwe si juu ya sehemu inayouma. Paracetamoli gramu 1, au miligramu 15 kwa kila kilo kama ana chini ya kilo 50, kabla ya kumwinua na si baada. Sindano ya diklofenaki ndiyo inayokimbiliwa, na kwa mzee anayekunywa dawa za tansion na za kukojoza ni njia fupi ya kuharibu figo na kutoboa tumbo. Abebwe kwa tipoyi, yaani machela, au mlango uliotandikwa godoro, watu wanne, kichwa upande wa mlima, na mmoja wa tano atangulie kuangalia njia. Tandika kitu laini: ngozi ya mzee kwenye ubao mtupu huanza kufa kwa saa chache. Mfunike pia. Aliyelala sakafuni usiku mzima amepoa, na misuli yake imeanza kumwaga sumu kwenye figo. Aliyelala chini zaidi ya saa moja apimwe hata kama hakuna mfupa uliovunjika.

Anayehema kwa sababu ya moyo hawezi kulazwa kwenye tipoyi, ataona anazama. Yeye ni kiti, miguu ikining'inia, cha mbao kama kipo. Vile vya plastiki hupanua miguu kwenye mteremko na kuvunjika.

Pikipiki ni usafiri wetu wa kweli, na hakuna haja ya kuisema vibaya kwa kila kitu. Mzee anayejishika mwenyewe, mwenye homa au mkojo uliozibana, afike kwa pikipiki, jamaa akikaa nyuma yake. Ila aliyepooza upande mmoja asipande: mguu usio na hisia unaangukia kwenye egzosi au kwenye spoki, na hatasema kwamba anaungua. Asiye na fahamu, mwenye nyonga iliyovunjika na mwenye pumzi fupi, vivyo hivyo.

Na si kila kitu kinahitaji hospitali kubwa, Panzi au ya jimbo. Baba ambaye tumbo la chini limevimba gumu, hajakojoa tangu jana na amechanganyikiwa, anaweza kupona kuchanganyikiwa kwake katika kituo cha afya cha mtaa kwa mpira wa mkojo. Kumvusha mji mzima kabla ya hapo ni kumwongezea saa mbili za mateso.

Nani anaamua

Kwa kawaida yetu, kikao kinakaa sebuleni na mgonjwa yuko chumbani. Anza chumbani. "Baba, jambo. Mimi ni muuguzi, watoto wameniita. Naomba nikae karibu yako." Halafu mweleze kwa sentensi fupi unachofikiri, na umwombe akurudishie kwa maneno yake. Wazee wetu husema "ndiyo" kwa heshima, hata kwa jambo ambalo hawajalisikia. Mtu anaweza kuamua kama anaelewa, anakumbuka kwa muda wa kutosha, anapima faida na hasara, na anaweza kueleza anachotaka, kwa kinywa au kwa mkono. Anaweza kushindwa kuamua juu ya upasuaji na akaweza vizuri kuamua nani alale naye. Na aliyechanganyikiwa saa nne usiku anaweza kuwa na akili timamu alfajiri, kwa hiyo muulize tena.

Maswali matatu yanatosha: Mama, ukipata nafuu, ni kitu gani unataka kuweza kufanya tena? Unaogopa nini zaidi? Kuna kitu ambacho hutaki kabisa tukufanyie?

Akikataa hospitali, usiandike "amekataa" na kuondoka. Uliza: "Kama pesa zingekuwa tayari mkononi, ungeenda?" Wengi watasema ndiyo. Hao hawajakataa matibabu, wanaogopa kuwaachia watoto deni, na wanajua habari za wagonjwa waliozuiwa hospitalini mpaka bili ilipwe. Hilo ni tatizo la familia na mutuelle, yaani bima ya afya ya kuchangiana, litatuliwe huko. Mwingine atasema hapana, hata bure hataki, anataka kufia kwake. Huyo amekataa kweli, na asikilizwe.

Kisha inapigwa simu ya mtoto aliye Kinshasa au Ubelgiji, ambaye ndiye atakayetuma pesa. Weka spika, karibu na mgonjwa kama anaweza kusikia. Mpe hali kwanza, kwa dakika moja. Usimuulize "tufanye nini?", kwa sababu mwenye uchungu wa kuwa mbali atajibu "fanyeni kila kitu", na hakuna anayejua kila kitu ni nini. Muulize: "Baba alikuwa anasema nini juu ya kulazwa, juu ya kukatwa, juu ya kufa?" Hapo anakuwa shahidi wa baba yake. Ndugu wengi waliokuwa wakigombana hukutana kwenye jibu hilo.

Njia haziko mbili tu, hospitali au basi. Kuna kwenda hospitali kwa yote. Kuna kwenda hospitali kwa mipaka, mfano dawa na oksijeni lakini si upasuaji. Kuna kituo cha afya. Kuna kubaki nyumbani na matibabu. Hii ya mwisho ndiyo inayofanywa vibaya zaidi, kwa sababu watu huichukua kama kumwachilia. Kubaki nyumbani kunataka mtu mmoja aliye macho usiku kucha kwa zamu, dawa ya maumivu yenye saa zake, maji kwa kijiko akiwa ameinuliwa, kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na muuguzi kurudi ndani ya saa sita. Andikeni mapema ni dalili gani zitabadilisha uamuzi, na mpatane na mwenye gari kabla ya giza, maana usiku wa Bukavu si kila njia inapitika wala kila dereva anatoka. Kama familia haina hata moja ya hayo, msijidanganye kwamba mmechagua nyumbani.

Anayeondoka aondoke na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji na zile za rangi rangi zilizonunuliwa bila karatasi. Miwani, meno ya bandia, fimbo, kadi ya mutuelle, chaja ya simu. Mzee asiye na miwani wala meno mahali pageni huchanganyikiwa usiku wa kwanza.

Na karatasi moja, Kifaransa au Kiswahili, maandishi makubwa. Saa ya mwisho alipokuwa mzima. Alichokuwa anafanya wiki mbili zilizopita. Kilichobadilika. Dawa alizopewa leo na saa zake. Alichosema yeye mwenyewe kwamba anataka na hataki, kwa maneno yake, na nani alisikia. Namba mbili za simu, moja ya mtu aliye Bukavu. Ibandikwe kwa plasta kwenye nguo ya kifuani, isiwekwe mfukoni mwa jamaa, kwa sababu jamaa ndiye atakayetumwa kununua glavu na seramu wakati daktari anafika. Akibadili mawazo njiani, msifute alichosema mwanzo: ongezeni mstari chini yake, na saa.